Kolera haina wikendi

Mazungumzo yaliyotolewa ku mkutano wa wanachama, Uvira



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya afya. Najua wengine mukisikia hivyo munawaza: "Huyu naye amekuja kutufundisha kunawa mikono." Hapana. Wengi wenu mulikaa miaka mingi Nyarugusu ao Lugufu, na mafundisho ya usafi muliyasikia kule mpaka watoto wakayakariri. Leo nataka tuongee juu ya siku mbili tu: siku ya posho na siku ya Mungu.

Tuangalie juma letu. Kuanzia siku ya kwanza mpaka ya tano, kila nyumba iko na utaratibu wake. Mama anachemsha maji ao anatia kiloro mu bido, anafunika. Watoto wananawa mbele ya kula bugali na ndagala. Inakwenda vizuri. Ikifika siku ya posho, asubuhi ni salongo, kiisha kuna ndoa, ao matanga. Siku ya Mungu ni kanisa, kiisha wageni, kiisha mpira. Hatuko tena nyumbani. Bido ya maji safi tumeiacha nyumbani, tunakunywa yale tunayoyakuta. Sabuni nayo tumeiacha nyumbani, tunapitishiwa beseni moja.

Ile beseni tuiongelee. Wa kwanza ananawa mu maji safi. Wa pili ananawa uchafu wa wa kwanza. Mtu wa ishirini anachovya mikono ndani ya uchafu wa watu 19, kiisha anakata tonge. Yeye anasema amenawa! Ni vilevile na kikombe kimoja cha maji kinachozunguka, na mrija mmoja wa kasiksi unaopita mdomo kwa mdomo. Tunaona ni upendo, na kweli ni upendo, lakini mikrobi nayo inapita njia ileile.

Sasa sikieni hesabu hii. Mtu akiisha kumeza mikrobi ya kolera, anaweza kuanza kuharisha nyuma ya masaa machache tu, ao nyuma ya siku mbili, tatu, mpaka tano. Kwa hiyo aliyeipata ku karamu ya siku ya posho anaweza kuangukia kitandani siku ya tatu. Siku hiyo nyumbani wanatafuta: "Jana alikula nini?" Wanasingizia ndagala, wanasingizia jirani, wengine wanasema ni sumu. Hakuna anayekumbuka beseni ya ndoa, kwa sababu ndoa imekwisha na viti vimerudishwa. Ndiyo maana wikendi inatudanganya. Makosa yanafanyika siku moja, malipo yanakuja siku nyingine.

Hapa Uvira hatuwezi kusema ni mambo ya mbali. Kolera iko nasi miaka kwa miaka. Watafiti walichukua hesabu za maji ya REGIDESO na hesabu za wagonjwa waliopokelewa ku kituo cha kolera hapa mjini, kuanzia 2009 mpaka 2014, wakazilinganisha. Waliona kwamba maji yakikatika siku moja, ndani ya siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka sana, zaidi ya mara mbili. Sababu tunaijua bila kuwa watafiti: robine ikikauka, tunakwenda ziwani ao mu Kalimabenge. Mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ilipofurika na kubeba nyumba, tuliona wenyewe namna mji unavyoteseka bila maji safi.

Robine ya REGIDESO hatuwezi kuifungua sisi. Hiyo tuendelee kuidai kwa wakubwa. Lakini beseni ya ndoa, hiyo iko mu mikono yetu.

Kwa hiyo ninaleta pendekezo mbele yenu. Mutualite yetu mtu akiwa na ndoa ao kilio, tunamsaidia: tunachanga franka, tunaleta viti, masufuria, turubai. Tuongeze vitu vitatu. Cha kwanza, ndoo mbili zenye robine, pamoja na sabuni, ili maji yamwagike juu ya mikono na yasirudi kwa mwingine. Cha pili, bido mbili zenye kifuniko, za maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa kiloro, na kikombe chenye mkono mrefu cha kuchotea, asichovye mtu vidole. Cha tatu ni mtu. Tuchague kijana mmoja, ao mama mmoja, jina lake liandikwe kama tunavyoandika jina la mwenye kushika chakula. Kazi yake siku hiyo ni ndoo tu: isikauke, sabuni isipotee. Kitu kisicho na mwenyewe, siku ya karamu kinasahauliwa.

Najua masemi yatakayokuja. Wa kwanza atasema: "Pesa iko wapi?" Ndoo inanunuliwa mara moja, inatumika miaka. Sabuni ikikosa, majivu safi pamoja na maji yanafaa. Wa pili atasema: "Ku matanga, ukimwambia mtu anawe, unamwambia yeye ni mchafu." Ndoo ikiwa ku mlango wa kila sherehe ya mutualite, ya tajiri na ya maskini, haitakuwa tena tusi kwa mtu. Itakuwa desturi yetu, kama kusalimiana.

Juu ya matanga niongeze neno moja zito. Kama marehemu amekufa na kolera, maiti iachiwe watu wa afya waliofundishwa. Na aliyeigusa asiingie jikoni kupika chakula cha waombolezaji. Huzuni ya mtu mmoja isizae nyingine.

Na neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mtu akianza kuharisha maji-maji siku ya Mungu, musiseme: "Tungoje siku ya kwanza, tutaona." Kolera inaweza kumaliza mtu ndani ya masaa, hata kijana mwenye nguvu. Akipata matibabu mapema, karibu wote wanapona. Mukiwa na serumu ya pakiti, muikoroge na maji safi. Ikikosa, litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika, nanyi muwe tayari mu njia kwenda hospitali. Pikipiki ya usiku ni ghali, najua. Mufuko wetu wa mutualite uko kwa ajili ya saa kama hiyo.

Tulirudi kwetu ili watoto wakulie hapa. Ninaomba komite iweke jambo la ndoo mu kura leo, mbele ya hatujatawanyika, kwa sababu siku ya posho inayokuja tuko na ndoa.