Mpiga Picha Harudi

Wiki ya Kwibohora, sikukuu ya ukombozi wa Rwanda, imekwisha, na picha za nyumba mpya mmeziona. Bati linang'aa, ukuta una rangi, mama ameshika ufunguo. Sisi linalotukera ni moja: mpiga picha harudi.

Hapa Nyakabuye, wilayani Rusizi, kukosa nyumba tunakujua. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ya Rusizi ilitikisika. Waliolala ndani Jumamosi, wengi Jumapili walilala nje. Ikaja kampeni ya kuondoa nyakatsi, zile nyumba za nyasi, picha zikawa za mabati. Vikaja vijiji vya mfano: Rweru 2016, Karama 2019, Kinigi 2021. Kila mara picha ni ya siku ya ufunguo. Mpiga picha harudi.

Hata kwa mabingwa wa usanifu majengo ni vivyo hivyo. Baada ya mwaka 1994 wasio na makao walipewa nguzo za alumini. Waliziuza, wakakata miti ya kujengea. Ndipo Mjapani Shigeru Ban akabuni kibanda cha mabomba ya karatasi, na mwaka 1998 vikajengwa 50 vya majaribio humu Rwanda. Picha zake zimezunguka dunia, naye mwaka 2014 akapata tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker. Anastahili. Lakini aliyelala mle mvua ikipiga, anaitwa nani? Alipikia wapi?

Nyumba hujulikana mvua ya pili, si siku ya ufunguo. Tazama chini ya ukuta, pale maji ya bati yanapochimba kwa kukosa mfereji. Tazama masizi juu ya dirisha: mama anapikia ndani, kwa sababu jiko la nje halina paa. Saruji inatengenezwa hapo Bugarama, jirani kabisa, lakini ufa wa ukutani unazidi kupanuka. Ufa usiopigwa picha haumo kwenye ripoti. Na mpiga picha harudi!

Basi rudini! Wapiga picha, wasanifu majengo, viongozi wetu, rudini Novemba, njia ikiwa tope. Msiwapange watoto mstari. Msimwambie bibi acheke. Pigeni hodi, ombeni ruhusa, kaeni kwenye mkeka wake mnywe chai yake. Akiinuka mwenyewe kuwaonyesha panapovuja, hapo ndipo mtoe kamera.