Hazina Iliyobomoa Kuta

Msikilizaji, ukitaka kujua jinsi Waosmani, watawala wa Kituruki, walivyopanda kwa nguvu, usianze na upanga. Anza na hazina. Orban, fundi wa kusubu mizinga, alibisha kwanza hodi kwa mfalme wa Constantinople. Mfalme hakuwa na fedha za kumlipa. Sultani wa Waosmani, Mehmed wa Pili, alikuwa nazo, na Orban akamsubia mzinga mkubwa. Mzinga ukakokotwa na maksai kutoka Edirne, na Aprili 1453 ukaanza kuzitwanga kuta zilizodumu miaka elfu moja. Wenyeji wakafunga mlango wa bandari kwa mnyororo. Waosmani wakapitisha merikebu nchi kavu, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta. Tarehe 29 Mei mji ukaanguka.

Nguzo nyingine ya nguvu yao ilikuwa Majanisari, askari wa kudumu wenye mshahara. Wengi wao walikuwa watoto wa Kikristo waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao huko Balkani, na kwangu mimi hakuna ushindi unaofuta machozi ya akina mama wale.

Mwaka 1517 Waosmani wakaitwaa Misri, njia ya Bahari ya Shamu kuelekea Afrika Mashariki ikafunguka. Ndiyo maana mwaka 1589 Amir Ali Bey, kamanda wa Waosmani, alikuwa Mombasa, akipigana na Wareno, waliomkamata na kumpeleka Lisbon.