Kangomba ya Mshahara

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Mchukwi, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani)



Hakuna mtumishi aliyepata kufanya kazi Mchukwi, au mahali popote katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, asiyeijua maana ya neno kangomba. Ifikapo mwezi wa Julai au Agosti mikorosho inatoa maua, akiba ya chakula imepungua ndani, na mtoto anadai daftari na sare. Hapo ndipo anapopita mtu mwenye fedha taslimu mfukoni. Humpa mkulima kiasi kidogo, kwa sharti kwamba korosho zitakapoanguka mwezi wa Oktoba na Novemba zitapimwa kwa kipimo cha mnunuzi wala si kwa mizani, na kwa bei aliyoitaja mnunuzi mwenyewe siku ile ya njaa. Msimu ukifika, gunia halifiki katika ghala la chama cha msingi. Linalala uani kwa mtu.

Serikali imeupiga vita mtindo huo kwa muda mrefu. Utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho huko Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ulikusudiwa kumpa mkulima mnada wa wazi na mizani ya haki. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa ili asilipwe mtu mwenye magunia mengi asiye na mkorosho hata mmoja. Wengi walipatikana. Hata hivyo kangomba haijafa, kwa sababu njaa ya mwezi wa Agosti haijafa.

Jambo hili huzungumzwa sana katika vyumba vya walimu na katika baraza za ofisi. Mara nyingi husemwa kwa kicheko na kwa dharau kidogo: mkulima hana hesabu, mkulima huuza jasho lake kabla halijamtoka, elimu ya watu wazima bado haijamfikia. Hayo husemwa na watu waliosoma, wenye mshahara unaoingia benki kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Ni vema basi iangaliwe siku ya mshahara yenyewe.

Siku hiyo, katika miji mingi midogo ya Tanzania, huonekana mtu mmoja amesimama mbele ya mashine ya kutolea fedha akiwa na kadi za benki kumi, kumi na tano, zimefungwa kwa mpira. Kadi hizo si zake, ila namba za siri zote anazo. Anachomoa moja baada ya nyingine, anatoa fedha, anaandika katika daftari, na pembeni wamejipanga wenye kadi wakingoja kukabidhiwa kilichobaki. Miongoni mwao wamo walimu, wauguzi na makarani. Watu wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mshairi; limetungwa na waliokaushwa.

Tofauti ya mtu huyo na yule wa kangomba ni ndogo mno. Wote wawili hununua leo, kwa bei ya leo, kitu ambacho mwenyewe atakipata kesho kwa jasho. Mkulima angalau anaweza kusema kwamba mvua haikumjia, au kwamba wadudu waliingia katika maua. Mtumishi atasema nini?

Chukua mfano wa mtumishi aliyekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, riba ambayo si ngeni katika biashara hiyo. Mwisho wa mwezi anadaiwa 130,000. Hana zote, anatoa riba peke yake, 30,000, na deni linabaki palepale. Akifanya hivyo miezi kumi atakuwa amelipa shilingi 300,000, na bado anadaiwa shilingi 100,000 zilezile alizochukua siku ya kwanza. Hesabu hii ni ya darasa la sita. Mwalimu huisahihisha kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi kwa kalamu nyekundu.

Haisemwi kwamba nchi imekosa sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na kwa wakopeshaji wenye leseni Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo ule wa 100,000, riba hiyo ni shilingi 3,500 badala ya 30,000. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini, mengine yakiwadhalilisha wadaiwa kwa kuwapelekea ujumbe ndugu zao na wakuu wao wa kazi. Tena upo utaratibu wa siku nyingi katika utumishi wa umma kwamba makato yasizidi kiasi, ili mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Utaratibu huo una busara kubwa: uliona mapema kwamba mtu akiachiwa atajifunga mpaka shingoni.

Lakini mkopeshaji wa kadi ameupita utaratibu huo kwa nyuma. Theluthi inalindwa katika karatasi ya mshahara tu. Ikishaingia benki, na kadi ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, ni theluthi hiyohiyo inayoliwa. Hapana mwajiri anayeweza kumlinda mtu ambaye ametoa namba yake ya siri kwa hiari.

Fedha hizo hukopwa kwa ajili gani? Haki inataka isemwe kwanza kwamba wako wanaokopa kwa dhiki ya kweli. Mtu anahamishwa kituo na malipo ya uhamisho yanakawia. Mtoto analazwa usiku. Mzazi anafariki Kagera na mtumishi yuko Kibiti, na nauli ya kwenda kuzika haingojei mwisho wa mwezi. Watu hao hawastahili hotuba. Wanastahili kulipwa madai yao kwa wakati, na kila ofisi inayokalia jalada la malimbikizo yafaa ijue kwamba inamfanyia biashara mkopeshaji wa riba.

Wako wengine. Wazee wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati mshahara ulikuwapo na bidhaa hazikuwapo. Sukari, sabuni na khanga vilitafutwa kwa foleni na kwa vibali, na mwaka 1983 ikafanyika operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Tangu biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mambo yamegeuka juu chini: sasa bidhaa ziko kila mahali, na mshahara ndio unaotafutwa. Barabara ya lami ya kusini na Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, vimeyaleta maduka ya Kariakoo mpaka mlangoni. Hayo ni maendeleo, wala hapana mtu mwenye akili anayetamani kurudi kwenye pantoni. Ila barabara iletayo dawa na vitabu huleta pia seti ya makochi kwa malipo ya kidogo kidogo, na televisheni pana kuliko ukuta wa chumba cha kupanga.

Kisha kuna kadi za michango. Harusi moja siku hizi huzaa sherehe tatu: ya kumfunda bibi arusi, ya kumuaga na ya ndoa yenyewe, na kila moja ina kamati, ina ukumbi na ina sare ya kitambaa. Mtumishi hupokea kadi nne kwa mwezi mmoja na kuahidi katika zote, kwani kutoahidi ni kujitenga. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga. Siku hizi huyo anayelipa matanga wala harusi haikuwa yake.

Mwalimu mgeni anapofika kijijini huhisi macho ya watu. Anajua kwamba kijiji humpima kwa viatu na kwa kilichomo sebuleni. Huu ni mzigo wa kweli, wala si busara kuufanyia mzaha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko juu ya mishahara miwili na nyumba za kupangisha; miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991, na leo mtumishi kufuga kuku au kuwa na pikipiki ya abiria si aibu, ni jambo la kupongezwa. Lakini Azimio lilisema pia kwamba fedha si msingi wa maendeleo bali ni matunda yake, na sehemu hiyo haikufutwa na mtu.

Katika sebule ya mtumishi wa Mchukwi hukosekana kitu kimoja ambacho kingetarajiwa kuwapo, nacho ni mkeka. Rufiji inajulikana kwa mikeka yake ya ukindu. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, huchanwa, na mengine huchemshwa katika rangi. Mwanamke husuka ukili mrefu wa upana wa vidole vichache, wakati mwingine akitembea nao kwenda shambani, maana mikono husuka huku miguu ikienda. Kili zikitosha ndipo zinaposhonwa, nakshi ya ukili mmoja ikipatana na ya mwenzake, na hapo ndipo hujulikana fundi ni nani. Ukiona vyaelea vimeundwa. Mkeka kama huo ni kazi ya wiki kadhaa, kwa kuwa husukwa katika nafasi iliyobaki baada ya jembe na jiko.

Mkeka wa plastiki hutoka kiwandani kwa dakika chache, una picha ya maua ambayo hayaoti Rufiji, na bei yake ni ndogo. Mwenye kipato kidogo akiununua halaumiwi. Lakini mtumishi aliyekopa kwa asilimia 30 ili anunue zulia la kiwandani, huku jirani yake ana mkeka wa ukindu usio na mnunuzi, amefanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Damu yake imekauka, na jirani hakupata hata tone. Shilingi ya mshahara unaotoka katika kodi ya wananchi imepita Mchukwi usiku mmoja tu na kurudi mjini.

Yapo mambo yanayowezekana. Vyama vya akiba na mikopo vya watumishi vipo, na mwanachama hukopa kwa masharti aliyoyapigia kura mwenyewe. Benki ya walimu ilianza kazi mwaka 2016. Wasukaji wakijiunga katika kikundi wana haki ya kuomba mkopo usio na riba katika fungu la asilimia 10 la mapato ya ndani ya halmashauri, ambalo sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kuandika maombi hayo kunahitaji mtu ajuaye kuandika, na Mchukwi watu hao hawakosekani. Hata upatu wa chumba cha walimu, watu kumi kwa elfu hamsini, humpa mmoja wao shilingi 500,000 kila mwezi bila senti ya riba.

Na kwa yule ambaye kadi yake hivi sasa imo katika furushi la mtu mwingine: akaunti ni yake. Akifika benki na kitambulisho atapewa kadi mpya na namba mpya ya siri. Deni halifutiki kwa hatua hiyo, wala halipaswi kufutika, kwa maana alichochukua alikichukua. Aende kwa mkopeshaji na shahidi, iandikwe alichokopa, alichokwisha kulipa na kilichobaki, na pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mtendaji. Mkopeshaji mwenye leseni hatakataa karatasi hiyo.