Kuchagua Adapta ya Kinanda cha Umeme

Adapta, yaani kifaa kinachopokea umeme wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti chache, haifai kuchaguliwa kwa sababu tu plagi yake imeingia kwenye tundu la kinanda. Volti, yaani msukumo wa umeme, sharti zilingane na zilizoandikwa kwenye chombo, ilhali ampea, yaani kiasi cha mkondo, zinaweza kuzidi bila madhara, kwa kuwa kinanda huchota mkondo unaokitosha tu. Ampea zikipungua, adapta hupata joto na sauti huweza kukatika.

Hatari kubwa zaidi, isiyotambulika kwa kutazama plagi peke yake, ni mpangilio wa ncha: vinanda vingi vya Yamaha hutumia volti 12 zenye ncha chanya katikati, lakini vingi vya Casio vya zamani hutumia volti 9 zenye ncha hasi katikati, na mkondo ukiingia kinyume unaweza kuunguza saketi mara moja. Mnunuzi anaombwa alinganishe alama za ncha kwenye kinanda na kwenye adapta kabla ya kulipa.