Kipimo cha Kazi ya Fundi wa Nanga



Katika Kata ya Kihanga, kama ilivyo kwingineko Karagwe na Kyerwa, kazi ya mtu hupimwa kwa vitu vinavyoonekana. Mkulima wa kahawa hupimwa kwa kilo alizopeleka chama cha msingi, mwalimu kwa watoto waliofaulu, na karani kwa majalada aliyoyashughulikia. Kipimo hicho si kibaya. Lakini yuko mtu mmoja ambaye akipimwa kwacho huonekana mvivu, naye ni fundi achongaye nanga.

Nanga inayozungumzwa hapa siyo ile ya meli. Ni chombo cha muziki, ambacho Wanyambo na Wahaya hukiita enanga, chenye umbo la hori jembamba lililochongwa katika kipande kimoja cha mti na kutandwa nyuzi saba au nane. Kilisikika katika baraza la Mfalme Rumanika wa Karagwe mwaka 1861, walipofika hapo wasafiri wawili, Speke, Mwingereza, na Grant, Mskoti. Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki Karagwe hadi Aprili akiuguza mguu, na habari za nanga alizipa nafasi katika kitabu chake cha mwaka 1864. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1983, Profesa M. M. Mulokozi alichapisha makala akiwatetea waimbaji wa nanga wa Kagera kuwa ni watunzi wa tenzi za kishujaa, wanaostahili kuhesabiwa pamoja na watunzi wa namna hiyo popote duniani.

Hivyo mwimbaji amepata sifa yake, na haki yake ni hiyo. Aliyemchongea chombo hakupata sifa ya kiasi hicho.

Yafaa kazi yenyewe ielezwe, maana wengi huisifu bila kuijua. Fundi huanza kwa kuchagua mti, na tayari hapo pana elimu: mti wenye vifundo vingi utapasuka, na mti laini mno hautahimili mvuto wa nyuzi. Gogo likishakatwa na kupasuliwa halichongwi likamalizwa siku hiyo hiyo. Huchongwa kwa shoka na tezo hadi umbo lake litokeze, kisha huwekwa kivulini likauke polepole. Likianikwa juani hupinda, na hori lililopinda halinyooshwi tena, ila huishia kuwa kuni. Siku za kuchonga zaweza kuhesabiwa kwa vidole, lakini za kungoja ni miezi.

Baada ya kukauka ndipo hufuata sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Fundi hupunguza kitako cha hori kidogo kidogo, akikigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikibaki kinene sauti huwa nzito na fupi. Kikizidi kuwa chembamba hupasuka. Hana rula ya kumwambia mahali pa kukomea, na sikio ndilo linaloamua. Kisha hukata meno katika ncha zote mbili, na kutanda uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mpaka nafasi zote zijae. Zamani ulikuwa uzi wa kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni hutumika pia. Kwa kuwa uzi ni mmoja, kuukaza mahali pamoja huvuta jirani yake, na mwanafunzi asiyejua hilo aweza kushinda kutwa nzima akikaza hapa na kulegeza pale bila kupata sauti anayoitaka.

Afisa anayepita katikati ya miezi hiyo atakuta kipande cha mti kimeegemezwa ukutani na mwenye kazi yuko shambani akipalilia maharage. Ataandika kwamba uzalishaji ni mdogo. Hakuandika uongo, lakini hakuandika kazi aliyoikuta.

Huko Uskoti alikotoka Grant wako mafundi wa zumari zile zenye mfuko wa upepo ambao mpigaji huubana kwapani. Baadhi yao hufanya kazi peke yao katika karakana ndogo, na mti wanaoupenda kuliko mingine ni mpingo, unaotoka Tanzania na Msumbiji. Mpingo huo hukaa karakanani miaka kadhaa ukikauka kabla ya kutobolewa, na wateja hungoja zamu zao. Kungoja huko hakuhesabiwi kuwa uvivu. Kumo ndani ya bei. Ni jambo la kufikirisha kwamba mti wa Kilwa huheshimiwa kwa subira hiyo ng'ambo, na fundi wa Kihanga hulaumiwa kwa subira ile ile nyumbani kwake.

Hasara yake si ya heshima tu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wanawake na vijana hukopeshwa wakiwa katika vikundi. Utaratibu huo una sababu zake, kwani kikundi hudhaminiana. Hata hivyo, mzee wa kiume mwenye tezo moja na wateja wachache wa mwaka hana dirisha la kugonga. Kumwambia aunde kikundi ni kumwambia awapate wenzake wanaoijua kazi, na hao ndio hawapo.

Jirani zao wa Busoga, nchini Uganda, wamekwisha kuyaona matokeo ya hali kama hiyo. Tarumbeta zao za vibuyu, ziitwazo bigwala, ziliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, wakati wenye ujuzi walikuwa wazee wachache tu. Vijana walipokusanywa wajifunze, haikutosha kuwafundisha kupuliza. Ilibidi kwanza vibuyu vyenyewe vipandwe, kwa kuwa vilikuwa havilimwi tena.

Walimu wa Karagwe na Kyerwa wana nafasi ambayo wenzao wa zamani hawakuwa nayo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Useremala unajulikana na utafundishwa. Fundi wa nanga hana cheti, lakini aweza kuitwa shuleni, alipwe kwa siku zake kama anavyolipwa mwashi anayejenga darasa, na wanafunzi wachonge naye tangu gogo hadi uzi. Afisa utamaduni naye aweza kuandika hatua hizo pamoja na majina ya miti kwa Kinyambo, kabla hayajabaki kwa mtu mmoja.

Jambo moja tu halitakubali kuharakishwa. Gogo likikatwa shule zinapofunguliwa Januari, halitakuwa limekauka vema zinapofungwa Juni. Shule itakayotaka nanga yake ilie katika mahafali ya mwisho wa mwaka haina budi kumwita fundi mapema, na kumtafutia kivuli cha kuuwekea mti wake.