Kazi kwa Aliyesoma Fizikia

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya watumishi wa Serikali, wazazi na wanafunzi wa skuli za sekondari. Yanachapishwa kwa manufaa ya wasomaji wote.



Nimetakiwa nizungumzie kazi anazoweza kuzifanya kijana aliyesoma fizikia chuo kikuu. Suala hili huulizwa na wazazi zaidi kuliko watoto: "Akimaliza atakuwa nani?" Aliyesoma udaktari ni daktari, aliyesoma sheria ni mwanasheria. Jina la fizikia halitaji kazi, na kwa sababu hiyo vijana hodari wa hesabu hushauriwa kuiacha. Hasara ya ushauri huo haiwafiki wao peke yao.

Natuanze na hospitali. Mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa mionzi, daktari bingwa ndiye anayeamua apewe kiasi gani. Baina ya daktari na mashine pana mtu ambaye mgonjwa aghalabu hamwoni, naye ni mwanafizikia wa tiba. Huyu huipima mashine na kukokotoa iwashwe kwa muda gani ili kiasi kilichoandikwa kifike mahali palipokusudiwa. Katika mashine zinazotumia kobalti-60, nguvu ya chanzo hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 kila mwezi, na hubaki nusu baada ya takriban miaka mitano na robo. Hesabu ya Januari ikitumika mwezi wa Disemba bila ya kusahihishwa, mgonjwa atapata pungufu ya zaidi ya sehemu moja ya kumi, wala hapana atakayeliona hilo kwa jicho. Kinyume chake kilitokea San José, nchini Costa Rica, mwaka 1996. Chanzo cha kobalti kilibadilishwa, hesabu ikakosewa, na wagonjwa zaidi ya 100 wakapewa mionzi iliyozidi ile waliyoandikiwa.

Wagonjwa wetu wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya aina hiyo. Basi kazi hii inatuhusu.

Ni haki kuwaeleza vijana kwamba shahada ya kwanza haitoshi kwa kazi hiyo. Lazima iongezwe shahada ya pili pamoja na mafunzo ya vitendo hospitalini. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kilichoko Trieste, Italia, kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan kwa kuwafikiria hasa wanasayansi wa nchi kama zetu. Tangu mwaka 2014 kituo hicho, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Trieste, hutoa shahada ya pili ya fizikia ya tiba. Mwanafunzi husoma darasani mwaka mmoja, na wa pili huwa hospitalini.

Ama umeme, sidhani kama nina haja ya kuwakumbusha watu wa Unguja kiza cha Mei na Juni 2008, wala kile cha Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya uliopita chini ya bahari unapoharibika, hutumwa ndani yake mpigo mfupi wa umeme, kisha hupimwa muda wa mwangwi wake kurudi. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huwapeleka mafundi takriban mita 80 mbali na mahali penye hitilafu. Kipimo hicho ni fizikia tupu.

Hapa nina neno kwa wakuu wa idara. Aliyesoma fizikia si mhandisi, na hapaswi kusaini michoro ya mhandisi. Taaluma ile ina usajili wake. Lakini zipo nafasi za upimaji, ukaguzi wa mashine za eksirei, utabiri wa hali ya hewa na uchambuzi wa takwimu ambazo tangazo lake la kazi hutaja shahada moja tu kwa mazoea. Kijana aliyefunzwa kupima, na kueleza kipimo chake kinaaminika kwa kiasi gani, hufungiwa mlango kabla ya kubisha hodi. Nawaomba mtazame upya matangazo yenu: andikeni kazi yenyewe inayotakiwa kufanywa, ndipo muandike sifa za mwombaji.

Nimeuacha ualimu mwisho, na sikuuacha kwa kuudharau. Wengi wa wahitimu wetu wa fizikia wataufanya, na wengine watauingia kwa kuwa hawakupata pengine. Hao wa pili wananitia wasiwasi. Skuli isiyo na mwalimu wa fizikia haitoi mwanafunzi wa fizikia, na chuo hakina pa kumtoa mwengine. Mwalimu mwenye betri mbili, waya na balbu ya tochi anaweza kufundisha mengi; asiye na hata hivyo atafundisha kwa chaki, na watoto watakariri. Kwa hiyo kamati za skuli zinapopanga matumizi, maabara isingojee hadi ukuta upakwe rangi.

Vijana wenye masuala kuhusu masomo ya kuchagua wabaki ukumbini, nitawajibu mmoja mmoja. Wazazi nao wanakaribishwa.