Mlango Wazi Hautoshi

 

Wengi wenu mwakikumbuka kisa cha yule mgonjwa katika Injili ya Yohana, sura ya 5, aliyelala kando ya birika la Bethzatha. Alikuwa amekaa na ugonjwa wake miaka 38. Maji yalikuwapo, tena karibu naye, wala hakuna aliyemkataza kuingia. Lakini alipoulizwa kama anataka kupona, alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijikokota mwingine humtangulia.

Kisa hicho kimetujia kwa sababu ya vijana walio mbali, huko Marekani, na kwa sababu ya kijana mmoja wa kwetu ambaye tutamweleza baadaye, bila kumtaja jina.

Marekani kuna vyuo vya umma vya miaka miwili viitwavyo vyuo vya jamii. Kilicho kikongwe kuliko vyote kilifunguliwa mjini Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi 6. Leo viko kama elfu moja, na jimbo la California peke yake lina 116. Karo yao ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu, na mlango wao u wazi. Mtoto wa dereva, mama aliyerudi kusoma akiwa na miaka 40, mgeni aliyehamia juzi, wote huandikishwa. Anayemaliza aweza kwenda kazini, au kuendelea na masomo katika chuo kikuu. Ni jambo jema, wala hatulidharau.

Hata hivyo, wengi wanaoingia kwa mlango huo hutoka kabla ya kumaliza, na miongoni mwao vijana wanaume weusi, na wale wenye asili ya Meksiko na nchi za jirani zake, wamezidi. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema ni uvivu. Lakini wengi wao hufanya kazi usiku na kuingia darasani asubuhi wakiwa na usingizi. Gari likiharibika, muhula umeharibika. Tena kwa miaka mingi wengi waliwekwa kwanza katika madarasa ya kurudia hesabu na Kiingereza, madarasa waliyoyalipia lakini yasiyohesabiwa katika shahada. Walichoka kabla ya safari kuanza. Mwaka 2017 California ilipitisha sheria ya kupunguza jambo hilo, vyuo vitazame kwanza alama ambazo kijana alipata sekondari.

Tena kuna aibu, na aibu ya mwanamume twaijua hata sisi. Watafiti wawili, J. Luke Wood na Frank Harris, wamejifunza habari za wanafunzi hawa miaka mingi. Wanaeleza kwamba kijana wa namna hii mara nyingi hamwendei mwalimu mpaka mwalimu amemwonyesha kwanza kuwa anakaribishwa. Amezoea kutiliwa shaka. Kuomba msaada kwake ni kama kukiri kwamba waliomshuku walisema kweli. Basi mwalimu anayekaa ofisini akingoja waje, atangoja sana.

Nini basi kimesaidia? Katika jiji la New York, chuo kikuu cha jiji hilo kilianza mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii, wanaume kwa wanawake. Waliopungukiwa karo walijaziwa, walisaidiwa vitabu, wakapewa kadi ya kupandia treni na basi. Nao walitakiwa kusoma kwa muda wote, na kumwona mshauri wao mara kwa mara. Mshauri huyo hakupewa wanafunzi mia nyingi kama ilivyo desturi. Alipewa wachache kiasi cha kuwafahamu. Asiyefika aliulizwa yuko wapi. Wataalamu waligawanya wanafunzi wapatao 900 kwa njia iliyo kama kura, wengine wakaingia katika mpango, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 wa mpango, 40 walikuwa wamepata shahada. Kati ya wale wengine, 22. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vilijaribu mpango kama huo, na matokeo yakafanana. Twastaajabu kidogo kwamba kadi ya basi ina nguvu hivi! Lakini aliyetembea maili nne kwenda shuleni hatastaajabu.

Huko California walianza mapema zaidi. Mwaka 1981, katika chuo cha Chabot mjini Hayward, mwalimu mmoja na mshauri mmoja walianzisha mpango wa vijana wenye asili ya Meksiko, wakauita Puente, neno la Kihispania lenye maana ya daraja. Baadaye chuo kile kile kikawa na mpango wa wanafunzi weusi, nao ukaitwa Daraja, kwa Kiswahili chetu. Na leo vyuo vingi vya jimbo hilo vina mpango wa wanafunzi weusi uitwao Umoja. Wamechukua maneno yetu, wakayatendea kazi.

Sasa kuhusu kijana wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulimpeleka katika chuo kimojawapo cha namna hiyo. Tulifanya harambee mara mbili. Akina mama waliuza kuku, mzee mmoja alitoa fahali. Tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa matatu mbili, tukiimba. Barua yake ya kwanza ilisomwa kanisani. Ya pili ilipokewa, ikawekwa katika faili.

Muhula wa tatu aliacha masomo. Tulipopata habari tulisema Marekani imemharibu. Wengine wetu tulisema hivyo mbele ya mama yake. Miaka ilipita, akaja kumzika baba yake. Jioni moja alitueleza kwamba alikuwa akifagia ghala usiku, na hesabu zikamshinda. Mara mbili alifika mlangoni pa mwalimu wake, akasimama, akarudi. Huko hakuna aliyejali kwamba yeye ni Mkenya. Alikuwa kijana mweusi kama wengine, amekaa nyuma ya darasa. Tukamwuliza kwa nini hakutuambia sisi.

Akasema, “Niliandika.”

Tuliitafuta ile barua ndani ya faili, tukaipata. Ilikuwa imeandika mengi juu ya baridi, na mwishoni mstari mmoja kuhusu hesabu.

Leo kanisa letu lina vijana wanne wanaosoma huko, wote wanaume. Katibu anazo nambari zao za simu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuligawana majina yao chini ya mti, kila kijana watu watatu. Mzee aliyetoa fahali, ambaye sasa haoni vizuri, amepewa jina moja pia. Amemwagiza mjukuu wake amwandikie ujumbe kila Jumamosi, na swali la kwanza liwe la hesabu.